Kioo Hubebwa Karibu na Mwili

2 Februari 1986

Mdogo wangu Sindano,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama, namsalimu shemeji kama yupo nyumbani na si barabarani na lori lake. Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini mgongo wa mchukuzi usipouma watu watasema hafanyi kazi. Chumba ni kile kile, juu ya duka la rangi, nalala na harufu ya rangi na kukoroma kwa Ngongoti. Nilishakwambia habari zake: ndiye ninayebeba naye vioo, yeye mbele, mimi nyuma, mrefu mpaka akiingia mlangoni anainama kama mtu anayeomba msamaha. Anakusalimu. Barua zako huwa namsomea, usikasirike. Anasema zinachekesha kuliko mimi.

Kazi haijabadilika. Lori linaleta vioo vya madirisha ya maduka, tunavishusha, tunavipeleka kwa mikono mahali ambapo gari halifiki, tunavisimamisha kwenye fremu, mafundi wanavifunga. Jioni mikono inatetemeka, kikombe cha chai nakishika kwa mikono yote miwili kama mtoto.

Sasa neno lililonifanya nikae niandike. Barua yako ya mwisho haikuwa na utani hata mmoja. Niliigeuza nyuma nikidhani labda umeuandika huko. Halafu chini kabisa, kama mtu anayetupa maganda, ukaandika "kwaya nimeacha." Basi, ukatia sahihi. Sindano, wewe? Wewe uliyekuwa unaimba hata ukitunga uzi, mpaka marehemu baba akisema nyumba hii ina redio isiyozimika? Umegombana na mwalimu wa kwaya? Unaumwa? Niandikie. Nikikosa habari huwa natunga za kwangu, na ninazotunga ni mbaya.

Ni mimi kaka yako.


9 Machi 1986

Kaka,

Barua yako imefika kwa kuchelewa, bahasha imelowa kona moja kana kwamba watu wa posta waliweka kikombe juu yake. Sisi hatujambo. Mama hajambo, ana vita na jogoo wa jirani na jogoo anashinda. Shemeji yako yuko safarini. Mimi kazi ninayo: sare za shule, suti ya bwana harusi mmoja aliyenenepa kati ya kipimo cha kwanza na cha pili halafu akanilaumu mimi, na nguo za watoto wachanga. Mwaka huu kila mtu anazaa. Mwambie Ngongoti kwamba kusomewa barua isiyo yako ni wizi, ila namsalimu.

Kwaya. Sikugombana na mtu. Nitakwambia, lakini kwanza uniahidi jambo, na kwa kuwa uko mbali nahesabu umeshaahidi: usiniandikie hongera. Neno hilo lisitoke kwenye kalamu yako. Nina mimba. Inaingia mwezi wa nne. Mume wangu anajua. Mama hajui, au anajua na amenyamaza, yule humwezi.

Unakumbuka mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya kwanza nilishona kofia, soksi, vigauni, nikapanga kwenye sanduku. Nikasimama kanisani nikatoa shukrani mbele ya watu wote. Mtoto hakufika. Mara ya pili nikasema labda nilishukuru kidogo. Nikashona zaidi, nikaimba zaidi. Yaliyotokea unayajua. Nimefikiri sana, kaka, hapa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga na kichwa kikizunguka. Mchungaji alihubiri wiki nyingi juu ya kumcha Mungu, nikajiona mimi sikumcha. Nilifurahi mapema, kama fundi anayevaa nguo ya mteja akatembea nayo mtaani. Mwenye nguo akaja akachukua nguo yake.

Safari hii nimenyamaza. Kwenye kwaya tunasimama mbele kabisa, chini ya msalaba. Sitaki anione. Sishoni kitu. Kliniki siendi, maana wale wanapima, wanaandika tarehe, na ukishaandikiwa tarehe umekwisha kumtangazia Mungu kwamba unangoja. Mimi sitangazi. Napita pembeni yake kwa ncha za vidole vya miguu. Kumcha kwangu ndiko huko.

Nimekwambia kwa sababu uko mbali na huwezi kunikodolea macho. Ichane barua hii.

Mdogo wako.


6 Aprili 1986

Sindano,

Salamu kwako na kwa mama, na pole kwa vita vya jogoo. Mimi mzima. Barua sijaichana, lakini Ngongoti sijamsomea pia. Ameniuliza tena na tena kama Sindano amekufa mpaka nimemwambia afunge mdomo wake mrefu. Neno ulilonikataza sijaliandika. Limenikaa kooni.

Mimi ni mtu wa darasa la sita. Kanisani nakaa kiti cha nyuma karibu na mlango na mara nyingi nasinzia, kwa hiyo usiende kuninukuu kwa mchungaji. Nakuandikia ninachokijua.

Nilipoanza kazi hii nilikiogopa kioo kuliko mnyama wa porini. Nilikishika kwa ncha za vidole, mikono nimeinyoosha, tumbo nimelivuta nyuma, ili kikivunjika kisinifikie. Mnyapara alinitukana matusi ambayo mama asingependa niyaandike. Ngongoti hakutukana. Aliniambia, "Ndugu, ukikiweka mbali kinapinda. Kikipinda kinavunjika, na kikivunjika kinakufuata huko huko ulikojificha. Kilete. Bega likiguse, nyonga ikiguse. Kibebe kama unampeleka mgonjwa." Nikakileta. Mpaka leo nakiogopa. Asiyekiogopa hatukubali kubeba naye, tunamwambia akabebe magunia. Lakini sikiogopi kwa kukikimbia. Nakiogopa huku nimekishika, na sikitoi machoni.

Na asubuhi, lori likifunguliwa na kioo kipya kikitolewa, mbingu yote imo ndani yake, mawingu yanatembea. Watu waliokuwa wanatukanana tangu alfajiri wananyamaza. Hakuna aliyetuamuru. Mtu anavua kofia bila kujua kwa nini. Nadhani kumcha Mungu ni kitu cha namna ile. Sijui. Lakini kupita kwa ncha za vidole, hapana.

Unakumbuka msumari? Baba alikataza tusicheze kwenye mbao zake. Ukacheza, ukakanyaga msumari, ukaficha mguu. Ulivaa soksi kwenye jua kali, ukatembea kwa kisigino, ukawa mtoto mwenye adabu kuliko wote, unasalimia, unanawa, unalala mapema. Baba akamwambia mama, "Huyu binti ameanza kuwa na heshima." Heshima gani? Mguu ulikuwa unaoza. Harufu ndiyo iliyokusema. Siku ile sote tulingoja fimbo, na badala yake baba akakaa chini vumbini akalia, akakubeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima alikuwa anasema kitu kimoja, "Kwa nini hukuniambia?"

Unatembea tena kwa kisigino, Sindano. Nenda kliniki. Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini nenda.

Kaka yako.


4 Mei 1986

Kaka,

Kwa heshima zote. Mama anakusalimu, mume wangu alikuja na kuondoka, anakusalimu. Mimi naendelea.

Kioo chako ni kizuri. Nimesoma mpaka mwisho na nimekiona na mawingu yake. Lakini kioo hakijawahi kukuchukulia mtoto. Wewe kikivunjika unafagia, kesho lori linaleta kingine. Usiniambie nikilete karibu. Nilikileta. Mara mbili nilikileta, bega na nyonga na kila kitu.

Na baba usiniletee. Baba alilia kwa sababu alikuwa hajui. Mungu alikuwa anajua tangu mwanzo. Sasa niambie wewe wa kiti cha nyuma, na yeye analia? Maana mara mbili nilitega sikio, sikusikia kitu.

Mama ameniletea kitambaa cheupe, flana laini, ile ya watoto. Kakiweka juu ya cherehani akasema, "Nimekikuta sokoni," halafu akatoka nje kumpigia kelele jogoo. Sikukigusa. Nimekifunika na gazeti. Mteja mmoja alikiulizia nikamwambia si cha kuuza wala si cha kushona.

Usihangaike na afya yangu. Miguu imevimba kidogo, navaa malapa ya mume wangu. Jioni kichwa kinauma, ni kwa sababu ya uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, suti ya yule bwana harusi, Mungu amsamehe na tumbo lake. Wakati mwingine naona vimulimuli mchana kweupe. Nimechoka tu.

Usiandike tena habari hii. Niandikie habari za Ngongoti.

Mdogo wako.


8 Juni 1986

Mdogo wangu Sindano,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilinibana. Mimi sijambo.

Ulitaka habari za Ngongoti. Amenunua kitanda kipya, miguu yake inatokeza vile vile, sasa ameweka stuli mbele ya kitanda ili miguu ilale huko. Basi habari zake zimekwisha.

Hiyo miguu yako, na kichwa, na vimulimuli. Nimemuuliza nesi mmoja hapa. Nilikuwa nauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. Aliacha alichokuwa anafanya akaniangalia. Akasema, "Huyo dada yako yuko wapi?" Nikamwambia yuko mbali. Akasema, "Aende leo." Nikamwambia barua yenyewe inachukua wiki kadhaa kufika. Akarudia vile vile, "Aende leo." Kwa hiyo sijui nikuandikie nini. Barua ikifika, siku hiyo ndiyo leo. Weka chini mkasi. Nenda.

Sisemi tena juu ya kioo, wala juu ya baba, wala juu ya Mungu. Nakuomba tu.

Kaka yako.


29 Juni 1986

Kwako wewe unayejiita kaka yangu,

Nani huyu? Kaka yangu herufi zake hulala chali kama walevi. Hizi zimesimama wima, zimepangwa mstari kama askari wa gwaride. Na kaka yangu hajawahi kuniandikia "samahani kwa kuchelewa" tangu azaliwe. Na "kazi zilinibana" ni maneno ya mtu anayedaiwa jibu. Na huyo nesi ulimpata wapi? Nesi anapita juu ya duka la rangi akitafuta wachukuzi wa kuongea nao?

Mama nilimwonyesha barua. Hajui kusoma, lakini aliiangalia, akaiweka chini, akasema, "Huyu mtoto ameumia." Tangu siku hiyo hapigani na jogoo.

Unanificha mguu kwenye soksi, kaka. Basi na mimi nakuficha. Mpaka uniambie kilichokupata, sisemi kitu juu ya miguu yangu, wala juu ya pete yangu ya ndoa ambayo haitoki tena kidoleni, wala kama nalala au silali. Mume wangu amerudi akasema twende hospitali, nikamwambia sitoki hapa mpaka barua ya kaka ifike. Hasira zake zote ni juu yako.

Niambie kwanza kama uko hai.

Sindano.


13 Julai 1986

Sindano,

Niko hai. Umenishika. Huu ni mwandiko wa Ngongoti, na barua iliyopita ilikuwa mwandiko wake. Mimi nasema, yeye anaandika. (Na anasema haraka mno, dada. Nakusalimu sana. Herufi zangu zimesimama wima kwa sababu mimi mwenyewe ni mrefu.) Ngongoti, andika ninachosema.

Mwezi wa tano tulikuwa tunapeleka kioo cha duka, kikubwa kuliko kitanda. Tulipofika kwenye kona ya barabara upepo ukatupiga ubavuni. Nikasikia sauti ndogo, kama unapokata uzi kwa meno. Kioo kimepasuka. Hapo tuna sheria moja, mtu anafundishwa kabla hajaonyeshwa choo kilipo: kikipasuka, achia, ruka nyuma, usikiokoe. Ngongoti akaachia. (Niliachia na nilipiga kelele "Achia!", watu wote wa barabara ile ni mashahidi.) Mimi sikuachia. Nilikikumbatia, nikataka kuuzuia ufa kwa kiganja, kama mtu anayezuia maji. Kikapita kwenye kiganja cha kulia. Vidole viwili havikunjiki vizuri tena. Nililazwa, na nesi nilimpata huko huko wodini.

Nimejiuliza sana kwa nini sikuachia. Si kwamba nilikipenda kile kioo. Nilimwona mnyapara. Hakuwepo, alikuwa ofisini anakunywa chai, lakini nilimwona mbele yangu na ule uso wake, nikaogopa atakavyosema. Nikang'ang'ania kitu ambacho kimekwisha kuvunjika kwa kumwogopa mtu ambaye hayupo. Ningekuwa nakiogopa kioo chenyewe, Sindano, ningeachia, vidole vyangu vingekuwa vizima. Na wewe nilikuwa nimeshakuandikia maneno yangu mazuri ya bega na nyonga! Ngongoti anacheka. (Sicheki.)

Sikukwambia kwa sababu nilisema ukiwa na hali hiyo, habari mbaya itakuangusha. Nilisema nakulinda. Sasa naona nilitembea kwa kisigino.

Uliniuliza kama Mungu analia. Sijui. Nimegeuza swali hilo juu chini na sijui, na sitakudanganya ili ulale. Wodini nilikataa kusali. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo ataniambia, "Umeona?" kama mnyapara. Siku waliyofungua bendeji nikakiona kiganja changu kilivyo, nikasema kwa sauti, wagonjwa wote wakisikia, "Mungu, nakuogopa, na nina hasira na wewe, na mdogo wangu yuko mbali na miguu imevimba." Halafu nikainamisha kichwa, nikangoja nipigwe. Sikupigwa. Sikuambiwa kitu pia. Lakini unakumbuka nilivyokwambia juu ya lori linapofunguliwa asubuhi? Ilikuwa hivyo. Niliogopa, na sikutaka kuondoka pale. (Hapa ameangalia kiganja chake, dada. Nami nimengoja.)

Nadhani mimi na wewe tumempa Mungu uso wa mnyapara. Mnyapara unamficha kosa, unamficha ufa, unampitia nyuma ya lori. Mnyapara huwezi kumwambia kwamba umeumia. Mimi nilisema na bado nipo. Basi nawe mwambie. Mkasirikie kama una hasira, lakini umkasirikie ana kwa ana, usikae nyuma ya mlango ukashika pumzi. Na miguu yako uipeleke kwa mwenye kuijua.

Nimesema yangu yote. Zamu yako. (Dada, tafadhali nenda. Chakula hakimpiti, nakula sahani mbili mimi na sifurahii.)

Kaka yako, na Ngongoti.


10 Agosti 1986

Sindano,

Sijapata jibu. Najua posta. Najua huenda barua yako imekaa mahali chini ya kikombe cha mtu. Lakini kila siku nikirudi naangalia chini ya mlango kabla sijavua viatu, na Ngongoti akifika wa kwanza huwa anasimama juu ya ngazi na kutikisa kichwa ili nisipande kwa haraka bure.

Hata neno moja. Hata matusi.

Kaka.


17 Agosti 1986

Kaka,

Nakuandikia nimelala ubavu wa kushoto, ndiyo amri ya huku, kwa hiyo leo na herufi zangu ni za walevi. Kalamu ni ya muuguzi. Mama anakusalimu, amekaa chini pembeni ya kitanda na anasema nikuulize kuhusu mkono. Nitakuuliza mwishoni.

Barua yenu ya vinywa viwili ilifika mchana. Nilikuwa nimeshona zipu ya mtu juu chini na naifumua. Nikasoma nimesimama. Nilipofika pale ulipokumbatia kioo, nikapiga kelele peke yangu mle dukani, "Mjinga! Si kimeshapasuka? Unakiogopea nini?" Halafu nikausikia mdomo wangu.

Nikaacha zipu. Nikaenda kanisani, siku ya kazi, hakuna mtu ila yule anayefagia. Nikapita katikati mpaka mbele, nikasimama mahali pangu pa kwaya, na tumbo langu lote. Nikasema, "Nipo hapa. Na huyu yupo hapa. Wale wawili sijui kwa nini, na hukuniambia, na ninakuogopa." Sikuimba. Sikuwa na wimbo. Nikashika meza. Yule mfagiaji alisimama na ufagio wake kama ameshika mkuki. Nilidhani nikishasema nitataka kukimbia, kaka. Sikutaka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa na sikutaka kutoka.

Lakini vimulimuli vikaja vingi, mlango wa kanisa ukawa milango miwili. Nikafuata ule uliokuwa na mwanga zaidi. Kwenye ngazi ameketi mama na mfuko mapajani. Ndani ya mfuko kuna shuka, sabuni, kikombe, na kile kitambaa cheupe.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nangoja."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kwaya."

Akanishika mkono, tukaenda.

Muuguzi alinipima presha, akaipima tena kwa sababu hakuamini mashine. Hakunigombeza kwamba nimechelewa, na hilo ndilo lililonitisha. Kesho yake wakamtoa mtoto kabla ya wakati wake. Ni msichana. Yupo. Nimeandika "yupo" polepole, unaona kalamu ilivyokandamiza. Ni mdogo, anaweza kulala ndani ya kiatu chako. Mashine ya kuwapa joto ni moja, na ndani yake kuna mtoto mdogo kuliko huyu wangu.

Waliponipa, nilimshika kwa ncha za vidole, mikono nimeinyoosha. Niliogopa kumvunja. Niliogopa pia kumzoea. Muuguzi akasema, "Hivyo mama utamwangusha. Mlete." Akachukua kitambaa cha mama, akamfunga kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi. "Usimweke mbali," akasema. "Akikaa mbali anapoa." Nikacheka mpaka mshono ukauma. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia kaka yangu ni mchukuzi wa vioo. Akamwangalia mama, mama akasema, "Ndivyo alivyo."

Usifikiri nimepona hofu. Akinyamaza, nasikiliza. Akilia, nasikiliza. Daktari hasemi neno zima, anasema tungoje. Wale wawili sijaacha kumuuliza Mungu habari zao, na sitaacha, na hajajibu. Lakini sipiti tena pembeni yake. Naogopa nikiwa hapa hapa, mbele yake, na mtoto huyu kifuani.

Nimeanza kumshonea kigauni kwa mkono. Kimekuwa kikubwa mno, atakivaa akikua. Ndiyo, nimeandika akikua.

Mkono je?

Mdogo wako.


14 Septemba 1986

Sindano,

Ni mimi, kwa mkono wangu. Ngongoti amekaa kitandani kwake na amekatazwa kugusa kalamu. Utasoma utakachoweza, walevi wangu leo wamelewa kupita kiasi. Msalimie mama, mwambie mkono unapona, kidole kimoja kimeanza kukunjika, kingine ni mkaidi kama jogoo wake. Msalimie shemeji, naomba radhi zake. Nimerudi kazini. Kubeba bado. Naosha vioo kwa maji na gazeti, na wakishusha kipya nasimama na wenzangu.

Barua yako nimeikalia siku nyingi. Niliogopa kujibu. Mtoto ninayemwandikia ni yule wa siku uliyoandika, na wewe utakayesoma utakuwa na mtoto wa siku nyingine, na sijui siku hiyo ikoje. Nikasema ningoje barua inayofuata, niwe na uhakika kwanza. Ngongoti ndiye aliyeniangalia akasema, "Unakishika kwa ncha za vidole, ndugu."

Basi. Kuna neno ulinikataza mwezi wa tatu, na nimelibeba tangu wakati huo nimelinyooshea mikono. Leo nalileta karibu, huku naogopa.

Hongera, mdogo wangu.